Honi Mahali pa Mafuta

Kuna kipindi niliamini kabisa kwamba mtu anaingia nyumbani kwangu mchana. Hakuiba chochote. Hakuvunja chochote. Alikuwa akicheza gemu yangu.

Mashine yenyewe niliachiwa na mwenzangu wa kazini aliyekuwa akihamia Mombasa. Mimi ni mtunza stoo katika duka la jumla la rangi, na kutwa nzima kazi yangu ni kushuku: mikebe iliyoingia, mikebe iliyotoka, dereva anayeapa kwamba amepakia yote. Nikifika nyumbani mtaani Umoja, hapa Nairobi, jioni nilitaka kitu kisichoweza kunidanganya. Ndani ya mashine ile mlikuwa na gemu moja tu, ya kuendesha lori la mizigo kwenye barabara za milimani, na nikadhani nimekipata.

Lakini ilinitesa. Nimekulia mtaa wa Mbotela, na gemu tulizocheza kwenye vibanda vya huko zilitaka kidole gumba tu. Hii ilitaka vidole vyote. Kitufe kirefu cha nyuma upande wa kulia kilikuwa mafuta, mwenzake wa kushoto kilikuwa breki. Kijiti cha kushoto kilikuwa usukani. Kijiti cha kulia kiligeuza kichwa cha dereva. Kila nilipotaka kukata kona, kidole changu kilienda kwenye kijiti cha kulia, na lori likaenda moja kwa moja mtaroni huku dereva akitazama milima.

"Huyo dereva wako ni mtalii," mke wangu aliniambia, akapita zake jikoni.

Nilivumilia. Nilikuwa nikikaa na ile kontrola ya vitufe mapajani hata mashine ikiwa imezimwa, nikibonyeza hewani, mpaka mikono ikaanza kuelewa. Barabara za tambarare nikaziweza. Mteremko wa kwanza mrefu ndio uliobaki kunishinda. Lori lilikuwa likinizidi nguvu katikati na kutumbukia bondeni na mzigo wake wote.

Wakati huo ndipo mama mkwe alipokuja kutoka magharibi mwa Kenya. Alikuwa ameteleza akiteka maji kisimani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na plasta ilipotolewa vidole vilikuwa vimekakamaa, havifungi. Hospitali moja huku Nairobi ilikubali kumfanyisha mazoezi. Sasa, kwao mama mkwe halali kwenye nyumba ya mkwewe. Hampeani mikono, hamkai meza moja, na mkikutana mlangoni mmoja wenu hurudi nyuma. Kwa hiyo alilala kwa dada yake, mitaa miwili kutoka kwetu. Lakini dada yake huuza nguo soko la Gikomba na hufunga nyumba alfajiri, basi mchana mama alikuwa akishinda kwetu, kwenye sofa letu, na kuondoka kabla sijarudi. Nilijua yupo kwa sababu nilikuta sufuria zimesuguliwa mpaka zinang'aa na chai kwenye chupa. Kumwona, sikumwona.

Jioni moja nikawasha mashine, nikakamata kontrola, nikakanyaga mafuta. Lori likapiga honi.

Nikakanyaga tena. Honi. Lori halikusogea hata kidogo. Likakaa pale katikati ya barabara likilia. Nikajaribu vitufe kimoja kimoja, na nikakuta mafuta yamehamia upande wa kushoto. Breki ilikuwa kitufe cha juu yake, kushoto vilevile. Kulia hapakuwa na kitu ila honi.

Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikasema moyoni ni mashine kuukuu. Kesho yake jioni, honi tena.

Niliipeleka mashine na kontrola yake kwa fundi wa simu na redio aliye karibu na Outer Ring Road. Aliifungua kontrola, akaipuliza, akaifunga.

"Hii iko poa, mkubwa," akasema. "Haina shida yoyote. Kuna mtu ameingia kwenye mipangilio akabadilisha."

"Mtu gani?"

"Sasa hiyo utaniambia wewe. Unaishi na nani?"

Sikulipenda swali hilo, na nilitembea nalo mpaka nyumbani. Naishi na mke wangu. Ni karani wa shule na hurudi kabla yangu. Nilimtazama akikata sukuma wiki, nikatazama vidole vyake.

"Wewe huwa unagusa mashine yangu?"

"Niiguse nifanyie nini?"

"Nauliza tu."

"Huulizi tu. Una sura ya mtu aliyepoteza mkebe wa rangi."

Nilimwamini nusu. Halafu jambo jingine likaniondolea hata hiyo nusu. Nilikuwa nimeacha lori limelala kwa ubavu mtaroni, mzigo umemwagika. Niliporudi nikalikuta limeegeshwa kando ya barabara, limenyooka, taa zimewashwa. Siku iliyofuata nikalikuta chini ya ule mteremko ulionishinda. Mtu alikuwa ameushuka. Mzigo ulikuwa mzima.

Hapo niliingiwa na ubaridi kweli. Nikaanza kukagua nyumba kama ninavyokagua stoo. Mto wa sofa ulikuwa umebonyea upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwenye karo palikuwa na vikombe viwili, vyote vimeoshwa, bado vina maji. Mama ni mmoja. Kikombe cha pili ni cha nani?

Nilimwambia mke wangu kwa uangalifu, au nilidhani ni kwa uangalifu, kwamba pengine mama ana mgeni anayekuja mchana.

Aliweka mwiko chini. "Unasema mama yangu anaingiza watu nyumbani kwako?"

"Sijasema anaingiza."

"Mama yangu ni mzee wa kanisa. Anakaa hapo na mkono unaouma, anaimba nyimbo zake, anakuoshea sufuria. Na wewe unahesabu vikombe."

Alinipakulia, akaenda kulala. Mimi nami sikuacha kushuku, isipokuwa sasa nilishuku kimya kimya. Nilimwaza kijana fulani mjanja amemlaghai mama wa watu kwa maneno matamu, anajilaza kwenye sofa langu, anakunywa chai yangu, anashuka mteremko wangu.

Siku moja umeme ulikatika kazini tukaruhusiwa kwenda zetu mapema. Sikumpigia mke wangu simu. Nilipanda ngazi za jengo letu polepole, nikishika funguo zisilie. Kabla sijafika mlangoni nikasikia honi.

Dirisha letu la sebuleni linatazama kwenye korido. Pazia lilikuwa limeachana kidogo. Najua mkwe hamchungulii mama mkwe. Nilichungulia.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa sofa, amejifunga leso kiunoni, kontrola iko juu ya mto mapajani. Mkono wa kushoto ulikuwa ukifanya kila kitu, haraka, bila kusita. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya mto kama kitu alichokabidhiwa amshikie mtu, na kidole kimoja tu kilikuwa juu ya kitufe. Kando yake alikaa jirani yetu wa mlango wa mwanzo, mama wa Kiislamu anayeuza madera na vitambaa nyumbani kwake, kikombe mkononi.

"Kona, kona!" jirani akasema. "Piga honi!"

Mama mkwe alikazana. Niliona bega lake likipanda. Kidole kilitetemeka, kikakataa, kisha kikazama. Honi ikalia wakati lori limekwishapita kona zamani.

"Umechelewa," jirani akacheka. "Kwa nini usiiweke na hiyo kushoto kwa wenzake?"

"Kushoto kunajua kazi," mama akajibu, akipumua kama mtu aliyebeba gunia. "Huku kulia ndiko kunakotakiwa kufunzwa. Upande huu nimeupa honi kwa sababu honi hata ikichelewa, hakuna anayekufa. Breki je, ningekipa kidole hiki?"

"Na mwenyewe akijua?"

"Mwenyewe ana maneno? Kila siku anarudisha vitufe vyake, nami nahamisha vyangu. Hajasema kitu."

Nilirudi nyuma kwa ncha za viatu. Nikashuka ngazi, nikaenda kukaa kwenye benchi la muuza chai mpaka saa yangu ya kawaida ya kurudi ikafika. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Kosa la kuchungulia lilikuwa langu, na sikuwa na pa kulipeleka. Ningemwambia mke wangu, angeuliza nilionaje. Ningemwambia mama, ningelazimika kusimama mbele yake, jambo lisilofanyika. Na yeye asingeweza kuniambia mimi, kwa sababu hiyohiyo.

Jioni ile sikurudisha vitufe. Niliendesha kwa mpangilio wake.

Ilikuwa kazi kuanza upya. Mkono wa kushoto ulijaa majukumu na wa kulia ukakaa bure, na nilipiga honi mahali ambapo hakuna gari wala mtu, kwa mazoea tu. Lakini pole pole nikaanza kuelewa kwa nini alikuwa amepanga vile. Kila kitufe kilikuwa karibu na mwenzake, mkono haukuhitaji kuruka. Nikaacha kuanguka kona za kushoto.

Kilichobaki ni shaka. Je, ameona kwamba sijarudisha? Amejua kwamba nimejua? Chai kwenye chupa ilikuwa ileile, sufuria zilezile, ila vikombe kwenye karo vikawa kimoja. Cha pili kilikuwa kimekaushwa na kurudishwa kabatini. Nikaona kwamba na yeye ananishuku.

Kisha siku moja nikiteremka kilima kidogo nikakanyaga breki pale ilipokuwa, na lori likawasha vipangusa vioo. Nikaingia mtaroni. Breki ilikuwa imehamia kulia.

 Kidole kile kilikuwa kimepewa breki.

Mke wangu alirudi siku hiyo kutoka hospitali alikokuwa amempeleka mama, akavua viatu. "Daktari anasema vidole vimeanza kupata nguvu."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nimekisia."

Alinitazama. "Umekisia vidole vya mama yangu?"

"Mtu akifanya mazoezi si lazima apone?"

Tangu hapo nilimwona akinifuatilia kwa macho kila nilipowasha mashine, na mara mbili tatu alisimama nyuma yangu muda mrefu kuliko alivyohitaji. Ubaya wa kushuku ni kwamba ukiuleta nyumbani haubaki na mtu mmoja.

Hatimaye mazoezi yakaisha, mama akakata tikiti ya kurudi. Tulikwenda wote kumsindikiza kwenye ofisi ya basi, asubuhi. Alisimama upande mmoja wa mizigo na mimi upande wa pili, kama inavyotakiwa. Mke wangu na mama yake mdogo, yule wa Gikomba, walikwenda kununua maji na mkate wa safari. Tukabaki wawili, magunia katikati. Nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Yeye alikuwa akitazama basi.

"Mkono unaendeleaje, mama?"

"Unaendelea, mwanangu. Siku hizi nafunga vifungo vya blauzi mwenyewe."

"Mungu ni mwema."

"Ni mwema."

Kondakta alipita na orodha yake. Mama akavuta leso mabegani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Hawa madereva wengine hawajui kushuka milima. Anakanyaga breki kuanzia juu mpaka chini. Breki zinapata moto, zinakataa."

Sikuinua kichwa. "Sasa afanyeje, mama?"

"Aingize gia nzito akiwa bado juu. Aiache gari ijizuie yenyewe. Breki aguse tu, kidogo, kidogo, kwenye kona."

"Nitakumbuka."

"Wewe huna gari," akasema. "Nasema madereva."

"Ndiyo, mama. Madereva."

Nilipotupa jicho, aligeuza uso upande wa dirisha la tikiti, na leso ilikuwa mdomoni. Kama alikuwa akicheka au akijikinga na moshi wa basi, sikuweza kujua, na mpaka leo sina hakika.

Mke wangu alirudi na maji, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Tulipokuwa tukirudi alingoja mpaka tukavuka barabara.

"Mlikuwa mnaongea nini na mama?"

"Barabara."

"Mama yangu hajawahi kuongea na wewe maneno matatu. Leo mnaongea barabara?"

"Alikuwa anaogopa safari."

Akatoa sauti puani, ile ya mtu asiyekubali lakini hana ushahidi.

Mama alifika salama. Jioni ya siku ya pili akapiga simu, na mke wangu akazungumza naye jikoni kwa muda, mlango umerudishiwa. Nilisikia akiuliza, "Ya nini, mama?" na tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Ya nani?" Alipotoka alikuwa ameshika simu kama kitu ambacho hajaamua kama ni kizima.

"Anataka kujua mashine kama hii inapatikana wapi," akasema. "Eti ni ya watoto wa shule ya Jumapili. Eti wanakaa bure wakisubiri ibada."

"Ni wazo zuri."

"Wewe unaamini hivyo?"

Nilisema naamini. Kisha nikamwomba ampigie tena, amwambie atafute yenye kontrola ambayo vitufe vyake si vigumu vidoleni.