Bibi Harusi wa Miaka Hamsini na Mitatu

Hospitali nzima ilimjua kwa jina moja tu: Mama Mashuka. Daktari mgeni alikuwa bado hajajua choo kiko upande gani, lakini alishanong'onezwa kwamba akitaka shuka safi asiende kugomba. Aende akamwamkie yule mama. Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia, chumba kirefu nyuma ya wodi ya wazazi, chenye mashine nne zinazonguruma, mabomba ya mvuke, na meza ndefu ya kukunjia ambapo wanawake sita walisimama tangu asubuhi hadi alasiri.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alifariki ghafla Mama Mashuka akiwa na arobaini na miwili, akamwachia kijana aliyekuwa akimaliza sekondari na binti wa miaka kumi. Mama Mashuka alilia akamaliza, akafunga kibwebwe. Alisomesha. Alihudhuria mikutano ya wazazi akinuka sabuni ya hospitali. Kijana akawa mhandisi, akaoa, akapata pacha, na mara watu wakaanza kumwita Bibi.

Jina alilipenda. Kilichomkera ni kwamba lilikuja na kiti chake. Kila alipokwenda aliletewa kiti, akawekwa pembeni, akaulizwa habari za magoti. Magoti yake hayakuwa na neno!

"Mama, umechoka," mwanawe alimwambia. "Omba kustaafu. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, utakaa hapa na pacha."

Alionyeshwa chumba. Kitanda kimoja chembamba, dirisha moja, na ukutani msumari uliokwisha kupigiliwa kwa ajili ya picha ya marehemu. "Kizuri, mwanangu," alisema, na moyoni akahisi kama mtu anayepimiwa jeneza angali anapumua.

Mwaka huohuo boila la hospitali, tangi la kuchemshia maji ya mvuke, likagoma, akaletwa fundi mpya: mwanamume wa miaka hamsini na saba, mrefu, kipara kinang'aa, miwani imeshikizwa kwa waya. Mkewe alimwacha zamani akaolewa kwingine, naye alilisimulia hilo bila kumtukana mtu. Mama Mashuka akalitia akilini.

Siku ya tatu fundi alisimama mlangoni akimtazama akikunja.

"Bosi, samahani. Naomba mkono wako."

"Unasemaje wewe?"

"Kiwiko. Nataka kupima kiwiko."

Akatoa tepu mfukoni, akapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, akaandika kiganjani, akaenda zake. Kesho yake miguu ya meza ilikuwa imeongezwa vipande vya mbao, urefu wa vidole vinne. Kwa miaka kumi na tisa Mama Mashuka alikuwa akiukunja mgongo wake pamoja na mashuka. Siku hiyo alifanya kazi amesimama wima, na jioni hakutafuta dawa ya kuchua.

"Nani alikutuma?" alimwuliza.

"Mgongo wako."

Wanawake wa mezani wakakohoa kwa pamoja, kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

Tangu hapo chai ya saa nne ikawa ya watu wawili, kwenye benchi nyuma ya boila. Walibishana juu ya mpira, wakasimuliana habari za watoto, wakacheka. Mama Mashuka alikuwa amesahau kwamba anacheka kwa sauti kubwa namna ile. Mara ya kwanza aligeuka kuangalia nani anacheka. Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja fundi akaweka kikombe chini.

"Mimi si kijana, sina muda wa kupiga chenga. Nataka tuzeeke pamoja."

"Mimi sizeeki."

"Basi nizeeke mimi, wewe uangalie."

Mama Mashuka aliomba wiki mbili za kufikiri. Hofu yake haikuwa watu, ilikuwa kioo. Alisimama mbele yake nyumbani, akaitazama mistari ya tumboni iliyoachwa na watoto wawili, mvi, na kovu la pasi mkononi, akajiuliza atavuaje nguo mbele ya mwanamume mgeni kwa umri ule. Alisimama hapo hadi miguu ikapoa. Kisha akakikumbuka kile kipara na ile miwani ya waya, na kicheko kikamtoka peke yake chumbani. Kumbe na yule naye ana kioo kwake!

Akasema ndiyo.

Binti yake, aliyekuwa chuo cha uuguzi, alipiga kelele kwenye simu hadi wenzake wakadhani amefiwa. Mwanawe alikuna kichwa.

"Mama, watu watasemaje?"

"Watu gani?"

"Watu tu, Mama!"

"Nitajie hata mmoja, nikamkaribishe chai tumalize."

Badala ya kutaja jina, akaitisha kikao cha familia. Jumapili alasiri sebule ya mhandisi ilijaa. Katikati alikaa shemeji, mdogo wa marehemu, mtu wa tumbo na suti, aliyependa vikao kuliko chakula. Pembeni yake alikaa mama mkwe, mama yake marehemu, bibi wa miaka themanini na minane, ambaye watu walidhani hasikii kwa sababu alichagua cha kusikia. Fundi naye aliitwa, akakaa karibu na mlango kama mshtakiwa.

Shemeji akakohoa. "Shemeji yangu, hatukatai furaha yako. Lakini mwanamke wa makamo, mwenye wajukuu, kuanza mambo ya uchumba... kaka yangu tumwambie nini?"

Mama Mashuka alikuwa amejiandaa kunyamaza kwa adabu. Adabu ikamwishia hapohapo.

"Shemeji, mke wako wa kwanza alipofariki ulikaa miezi minane, ukaoa. Sikukuuliza tumwambie nini. Nilikupikia harusi yako mimi, masufuria saba, mkono huu ukaungua. Ulikuwa na miaka sitini na mmoja na wajukuu wanne. Walikuita bwana harusi, hawakukuletea kiti. Mimi nimekaa miaka kumi na mmoja. Nimemlilia kaka yako, nimewalea watoto wake, na bado nampenda. Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kuwaalika."

Shemeji akautafuta mfuko wa leso. Ndipo kikasikika kicheko chembamba: mama mkwe alikuwa akicheka hadi mabega yanatikisika.

"Wewe wa mlangoni," alimwita fundi. "Sogea. Unakoroma?"

Fundi akasogea. "Shikamoo, Mama. Nakoroma, sitakudanganya."

"Marahaba. Mwanangu pia alikoroma, lakini alikataa mpaka kaburini." Akamgeukia Mama Mashuka. "Huyu anasema kweli. Olewa, mwanangu. Mimi niliogopa maneno nikiwa na umri kama wako, nikamkataa mtu mwema. Maneno yenyewe yalikwisha, na ule upweke sijaumaliza hadi leo."

Hakuna aliyekuwa akijua habari hiyo, hata shemeji, mwanawe wa kumzaa.

Mhandisi alitoka nje bila kuaga. Wiki mbili hakupiga simu, na Mama Mashuka hakumbembeleza. Kisha Ijumaa moja akatokea hospitalini. Hakuwa ameingia chumba cha kufulia tangu alipokuwa mwanafunzi, na hakuna aliyemwona akisimama kati ya matoroli ya mashuka. Alimwona mama yake akizima mashine mbili kwa mpigo mmoja, akiamuru wodi nne kwa simu, akimtania mwanamke mmoja hadi meza nzima ikaangua kicheko. Akajiuliza ni mzee gani huyo ambaye yeye alimpakia rangi chumba cha nyuma.

"Mama," alisema hatimaye, "kwa msajili wa ndoa ni lini?"

"Alhamisi, saa nne."

"Nitawaendesha."

Alhamisi karani wa ndoa, msichana mwenye kucha ndefu, aliwaona wakiingia kundi zima, akawanyooshea kidole mhandisi na dada yake. "Bwana na bibi harusi wakae mbele. Wazazi mtakaa nyuma kule."

"Hawa ni mashahidi," alisema Mama Mashuka, akivuta kiti cha mbele yeye mwenyewe. "Bibi harusi ni mimi. Andika, mwanangu, na jina liwe kwa herufi kubwa."

Karani akaona haya, akaandika. Mama mkwe, aliyeletwa kwa teksi, alipiga kigelegele kilichowatoa watu wa ofisi za jirani milangoni. Fundi alishika kalamu, akatia sahihi nje ya mstari. Mama Mashuka alitia yake katikati kabisa, pana, iliyonyooka, kisha akatoka amemshika mumewe mkono, mchana kweupe, wakaziteremka ngazi polepole kwa sababu viatu vilikuwa vipya na hapakuwa na haraka yoyote.