Mwanamke Aliyewalaza Vifaranga Wangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa saba mchana, jua la Otonglo likiwaka mpaka mabati yanalia. Niliyemwona, nilimwona.

Nilikuwa nimepanga nyumba nyuma ya soko, mimi na binti yangu mdogo. Jirani alikuwa Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikienda mjini kufua nguo za watu, yeye ndiye aliyempa mtoto wangu chakula, na hakuwahi kunidai hata asante.

Uani kulikuwa na chumba cha kupikia cha zamani. Mwenye nyumba aliniambia ni stoo tu. Nikaleta humo vifaranga mia wa siku moja, nikawatandazia maranda, nikaweka jiko la makaa katikati, dirisha nikaliziba kwa magunia wasipigwe na baridi. Wiki nzima hakufa hata mmoja. Mama Akinyi alikuja akasimama mlangoni, akacheka.

"Yawa, hawa ni wazuri! Utakula kuku mpaka uchoke."

Kesho yake wakaanza kufa. Si kufa kwa ugonjwa. Kideri nakijua, kuhara damu nakujua. Hawa niliwaacha asubuhi wakikimbizana, nikirudi nakuta kumi, kumi na watano, wamelala kona moja kama watoto kitandani, chakula bado kimejaa kooni. Muuza dawa za mifugo alinipa vitamini, akaniuliza kama humo ndani kuna hewa. Nikamwambia ipo. Nani angesikiza habari ya hewa, na mimi najua ni nani aliyewasifu vifaranga wangu?

Basi nikasema. Bombani, mbele ya wanawake wote, nikasema Mama Akinyi ni jasihoho, mtu wa jicho baya, akisifu kitu kinakufa. Aliinua mtungi wake ukiwa nusu, akaenda. Siku hiyo hiyo omena yake ikakosa mnunuzi. Haikuisha wiki, alikuwa amehamia kwa dadake, huko Luanda Kotieno, ufukweni mwa ziwa.

Vifaranga wakaendelea kufa.

Ndipo nikaacha kazi siku moja nikabaki nyumbani kuchunga. Saa saba nikasukuma mlango wa kile chumba. Mwanamke nisiyemjua alikuwa ameketi kwenye kona ile, miguu ameinyosha, leso ya kijani mapajani, na juu ya leso vifaranga wamejaa. Wamenyamaza. Umewahi kusikia vifaranga wengi hivyo wakinyamaza?

"Wewe mama, nani amekuruhusu kuingia hapa?"

Hakushtuka. Alikuwa anampapasa mmoja mgongoni kwa kidole.

"Pole pole, utawaamsha. Wangu niliwaacha hapa hapa nikakimbia sokoni mara moja. Kulikuwa na baridi, nikawaachia moto. Kurudi, nikawakuta wamelala vizuri, hivi hivi."

"Na sasa watoto wako wako wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Si hawa?"

Kichwa kikanigonga. Nilirudi kinyumenyume nikaangukia nje. Nilipoinua macho kona haikuwa na mtu. Kulikuwa na vifaranga kumi na mmoja, wamekufa, na maranda hayana alama ya mtu kuketi. Niamini.

Mwenye nyumba alipokuja nilimkalia kooni. Mzee akakuna shingo.

"Nyathina, mwanangu, hayo ni ya zamani. Mpangaji mmoja alipoteza mapacha humo, kwa moshi wa makaa. Yeye mwenyewe hakumaliza mwaka."

"Mbona hukuniambia, Mzee?"

"Ningekuambia, ungepanga?"

Nilitoa jiko, nikang'oa magunia, vifo vikakoma. Utasema basi ni makaa. Sawa, ni makaa. Na yule aliyeongea na mimi, alikuwa nani?

Nilikwenda Luanda Kotieno. Nilimkuta Mama Akinyi ameinama juu ya nyavu, anageuza omena juani. Nilimweleza yote. Hakuacha kugeuza.

"Wanawake wa bombani umewaambia?"

"Bado."

"Waambie wao. Mimi nilikuwa najua sijaua kitu."

Hakunikaribisha kuketi. Nilirudi, nikawaambia. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakaangaliana. Mmoja akasema, "Huyo Mama Akinyi ni hatari. Ona, hata akili yako ameigeuza."

Ni miaka mitatu sasa. Nimehama, na bado nikipita Otonglo nasikia wakitishia watoto kwa jina la Mama Akinyi. Mimi ndiye niliyewapa jina hilo. Wewe unayefuga, ukiona vifaranga wanakufa ghafla, fungua dirisha kwanza, na uulize chumba kilikuwa cha nani. Jina la jirani lisitoke mdomoni mwako. Mimi lilinitoka asubuhi moja tu, na mpaka leo nazunguka nikiwaomba watu wanirudishie, hakuna anayetaka.