Hela ya Chumba Iliyopigiwa Vigelegele Magoma

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu alfajiri, ikapumzika kidogo, ikaendelea.

Naandika huku uso unawaka, na sijui kama nitaeleza vizuri maana shule niliishia la saba, lakini haki niitende hata kwenye aibu yangu: kosa lilikuwa langu, siyo la wazee wa watu.

Mimi na Athumani tulipanga vyumba viwili pale Korogwe. Mkataba hatukuandikiana, tuliaminiana tu, kodi nusu kwa nusu. Nilipooa nikahamia Handeni ghafla, na mpaka Athumani apate mtu mwingine, nusu yangu ilikuwa imelala miezi miwili, elfu sitini. Hakunidai hata siku moja (ndiyo maana nilikosa usingizi), ila wiki hii nikasikia mwenye nyumba kampa mpaka Jumatatu, la sivyo vitu vyake vinatolewa nje.

Ningetuma kwa simu, lakini nikajiuliza, makato abebe nani, mimi au yeye? Nikaona haki ni kupeleka mkononi.

"Jumamosi nipo kwa wazee Magoma," akasema Athumani nilipompigia, "njoo, kuna kashughuli kadogo."

Shughuli gani, sikuuliza. Kwa kuwa nakwenda kwa wazazi wa mtu mara ya kwanza nikavaa kanzu, na kwa kuwa mvua inanyesha nikazifunga hela kwenye leso nyeupe ya mke wangu. Yaani nilijipamba mshenga mzima, kanzu na hela ndani ya leso, na wala sikushtuka.

Nikawakuta wazee wamekaa mkekani.

"Shikamooni."

"Marahaba, karibu! Tulidhani mvua imekuzuia."

Nikajua Athumani kawaambia. "Mnisamehe wazee, nimechelewa sana," nikasema, nikatoa leso. Baba yake hakuifungua, akampa shangazi, shangazi akaingia nayo ndani, na huko ndani vikalipuka vigelegele. Nikajisemea, watu wa Magoma wanapenda deni likilipwa! Nikaletewa wali na paja la kuku, nikala.

"Na muoaji mwenyewe ni mtu wa wapi?" akauliza mzee mmoja.

Nikarudisha tonge sahanini. Kabla sijajibu wakaingia wanaume wawili, tope mpaka magotini, mmoja kashika kitambaa kilichofungwa. "Mtusamehe, pikipiki ilikwama. Tumeleta posa ya Mwanaidi." Mwanaidi ni dada yake Athumani.

Baba mtu akanigeukia. "Wewe kijana umetumwa na nani?"

"Sijatumwa mzee. Nimejileta mwenyewe."

"Amekuja kujiposea!" bibi mmoja akapaza sauti dirishani. "Na kuku keshamla!"

Athumani ndiyo kwanza anarudi kutoka dukani na kreti ya soda. Nikamweleza, akacheka mpaka akaitua chini, halafu akauliza, "Sasa hela yangu iko wapi?"

Shangazi akasimama mlangoni. "Hela ya posa ikishaingia kwa wanawake haitoki. Tumeshagawana."

"Na Jumatatu nikitolewa nje, shangazi, nije kulala kwako?"

"Uje na godoro lako."

Mshenga, yule wa kweli, akaamua: "Sisi tulileta ya akina shangazi, na wao wameshapata. Hii yetu achukue Athumani." Wazee wakakubali, posa ya Mwanaidi ikahesabiwa imepokelewa. Kitambaa kikafunguliwa: elfu hamsini. Wote wakasema yaishe. Mimi nikasema hapana, deni ni sitini, nikaongeza elfu kumi niliyokuwa nimebaki nayo.

Nauli sasa sina. Athumani akanikopesha elfu kumi ile ile. Kwa hiyo nilikwenda Magoma kumaliza deni la Athumani, na nimerudi Handeni nadaiwa na Athumani.

Naapa, sitakanyaga tena kwa watu kabla sijauliza wana shughuli gani.

Jioni mke wangu kapika ugali na mlenda. Nikamsimulia yote, akacheka hadi machozi, kisha akajifuta macho.

"Huyo Mwanaidi ni mzuri?"

Nikamwambia sikumwona, ila miguu tu, chini ya pazia, na kwa haki niseme ilikuwa na hina nzuri. Mlenda wote uliobaki akajimiminia yeye. Nikamalizia ugali mkavu.