Habari Tulizomficha Mbuni

Jumapili asubuhi nyumba yetu ya Kariakoo ilinukia udi na kitambaa kipya. Kitambaa kilitoka chini, kwenye duka la majora la Ami Salum, kaka yake baba. Udi ulitoka chumbani kwake, ambako mkewe, niliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa akifukiza kanzu na baibui kwa ajili ya matembezi. Mgeni angedhani tunakwenda harusini. Kumbe tulikuwa tunakwenda kuwaona wanyama kwenye bustani yao, ng'ambo ya Kigamboni, na kwetu hilo lilikuwa jambo la heshima kuliko harusi nyingi. Nilikuwa msichana wa darasa la pili, na niliamini kabisa kwamba watu wote wa Dar es Salaam huvaa hivyo wanapokwenda kumsalimu nyani.

Tulikuwa wanne: Ami, Mama Mkubwa, mimi, na Fundi Mapunda, Mngoni wa Songea aliyeshona nguo barazani mwa duka, ambaye alitufuata moja kwa moja kutoka misa ya kwanza. Walikuwa na mambo yao watu hawa. Kumnyooshea mnyama kidole ilikuwa mwiko. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, tumia kidevu. Kobe mkubwa alipewa shikamoo kwa kuwa alituzidi sote umri, na Ami alisubiri hadi yule mzee avute shingo, ndipo aseme, "Ameitika, twende." Fundi Mapunda hakugusa nyama ya kuku tangu Ijumaa. "Nitawatazamaje usoni wale ndege?" aliuliza, na hakuwa akitania. Mama Mkubwa hakubadili mafuta yake ya waridi miaka yote, asije akawachanganya. Na kila mnyama alipewa habari za mtaa: nani kaoa, nani kajifungua, nani kahamia Buguruni. Walisema si adabu kwenda kwa mtu, ukamkodolea macho, halafu ukaondoka bila kumwambia neno.

Kipenzi chao alikuwa mbuni dume waliyemwita Bwana Harusi, kwa ajili ya manyoya yake meusi na mbawa zenye ncha nyeupe. Akimwona Ami alikuja mbio, vishindo vyake nikavisikia miguuni mwangu. Alifika uzioni, akapiga magoti, akatandaza mbawa zile kubwa, akayumbisha shingo kulia na kushoto, polepole, macho yamemtoka. Wafanyakazi wa bustani walisema mbuni dume humfanyia hivyo jike. Ami alisema hiyo ni salamu, na mimi nilikuwa upande wa Ami. Nilishika waya wa uzio nimesahau hata kupumua. Sikujua kwamba kiumbe mkubwa kiasi kile anaweza kumpigia mtu magoti. Ngoma ikiisha, Bwana Harusi alidonoa kifungo cha kanzu ya Ami na kukimeza, na Jumatatu Fundi Mapunda alishona kingine bila kuulizwa.

Kisha Ami akafa. Alianguka dukani, jora la kitambaa bado liko mikononi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumemzika. Mama Mkubwa akaingia eda. Hakutoka, hakujipaka waridi, na kitu kimoja zaidi ambacho hata mimi mtoto nilikiona: hakutaja kifo. Wateja wa mtaa wa Posta wakipiga simu kumuulizia Ami, alijibu, "Ametoka." Wakubwa walinong'onezana jikoni kwamba hajalia hata tone, na kwamba mtu asiyelia, msiba humla ndani kwa ndani. Nilimwogopea sana.

Fundi Mapunda aliendelea kunipeleka bustanini. Jumapili ya kwanza Bwana Harusi alikuja mbio, akasimama, akanyoosha shingo kutazama nyuma yetu. Fundi akavua kofia. Habari ilibidi itolewe, lakini msiba hutangazwa na mfiwa, na mfiwa yuko ndani. Akakohoa. "Salum kasafiri," akasema. "Kaenda Tanga." Jumapili iliyofuata mizigo ya Tanga ilikuwa imechelewa. Iliyofuata tena, Ami alikuwa amepitia Pemba kusalimia ndugu. Fundi wa watu alitoka jasho kila tulipoukaribia ule uzio. Nami, niliyeliona jeneza likitoka mlangoni kwetu, nikaanza kumsubiri Ami arudi kutoka Tanga.

Eda ilipokwisha, Fundi alikuja kukiri, kofia mkononi. "Shemeji, tumemwambia yuko safarini." Nilidhani Mama Mkubwa atacheka au atakasirika. Aliuliza tu, "Naye akasemaje?" Fundi akamsihi amwache Ami huko huko Tanga, hakuna atakayedhurika. Mama Mkubwa akakataa. "Mwenye msiba ni mimi," alisema, akaenda kufukiza baibui.

Bwana Harusi alimjua kutoka mbali. Alipiga magoti, akatandaza mbawa, akacheza ngoma yake yote, na Mama Mkubwa akamsubiri amalize, maana mtu hakatizwi. Alipoinuka akawa juu yetu wote, jua nyuma ya kichwa chake. "Salum amekufa," Mama Mkubwa akamwambia. "Hayuko Tanga. Amekufa, tumemzika." Mbuni akainamisha shingo hadi jicho lake, jicho jeusi kubwa kama kikombe cha kahawa, likawa sawa na uso wa Mama Mkubwa, na likatulia pale. Ndipo Mama Mkubwa akalia, kwa sauti, mbele za watu, akikamata waya kwa mikono miwili, na mimi nikalia naye, kwa kuwa sasa Ami alikuwa amekufa kweli.

Njia nzima ya kurudi walibishana. Fundi aliapa kwamba ndege ameelewa. Mama Mkubwa, macho yamevimba, alisema ndege alikuwa akitafuta kifungo tu. Usiku ule alikula sahani nzima ya pilau.

Sasa nyumba ile imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka, na Mama Mkubwa anaishi nami Magomeni. Nikiwapeleka wanangu bustanini naona watu wakiwapa wanyama mgongo ili wapige picha, na mara nyingi nami huwa mmoja wao. Mwaka jana baba yangu alipofariki, niliandika habari mara moja kwenye simu nikaituma kwa kila mtu, na pole zikaingia hadi chaji ikaisha. Jioni Mama Mkubwa akaniita kitandani kwake.

"Umemwambia nani?"

"Wote, Mama. Nimewatumia wote."

"Sikuuliza umemtumia nani," alisema, akanishika mkono. "Haya, niambie mimi."

"Baba," nikaanza, kisha nikaanza upya, "Baba ame..."