Ukuta Ulioishia Mpakani

Pan Tien-shou, mkuu wa mji wa Kanwei, alijenga ukuta wa bahari ukaishia palepale mpakani. Ng'ambo ya mpaka ni kijiji chetu. Kimbunga kilipokuja, maji yaliupiga ukuta ule, yakauzunguka, yakamiminika kwetu.

Ke Sui-yin, rafiki yangu, alikuwa bandani na sisi akifungua chaza. Mama mkwe wake alikuwa nyumbani kitandani, amepooza. Sui-yin alikimbia, lakini alikuta maji yameshafika dirishani.

Pan alikuja mazishini na shada la maua.

"Pole sana, dada," alisema mbele ya watu. "Ila kila mji hulinda watu wake. Nanyi mngejenga wenu."

Nilikuwa nimemshika Sui-yin mkono, na kucha zake zilinichoma mpaka nikatokwa damu.

Mwaka wa uchaguzi akagombea uenyekiti wa kijiji. Tulimcheka.

"Hata viatu vya heshima huna. Utaendaje kukaa na wakubwa?"

"Nitakwenda na mabuti yangu haya haya. Wao ndio watakaosikia harufu."

Akashinda.

Bahari haikuacha kupanda, na ardhi yetu haikuacha kutitia. Mwishowe wilaya ikasema basi, ujenzi wa kila mtu kivyake umekwisha. Pande zote mbili ziunde kamati moja, ukuta uwe mmoja, na litengwe eneo moja la kupokea maji yanayozidi. Pan akapendekeza eneo hilo liwe kwetu, kwenye mabanda ya chaza na makaburi.

Sui-yin akasema jambo hilo linazungumzika. Tulipigwa na butwaa.

"Wamekupa nini, we mwanamke?" nilimuuliza bandani. "Mama mkwe wako amelala pale."

"Fungua chaza zako, Hsiu-mien," alisema. "Siku ya kumpiga mtu humwonyeshi ngumi asubuhi."

Tangu hapo, kila maji ya bamvua yalipojaa alivuka mpaka kwenda Kanwei, kwenye vile vijiji vya nyuma ambavyo Pan hakufika ila wakati wa kura. Huko nako maji yalikuwa yakiingia jikoni. Alikula nao, akawasaidia kuzoa tope, akasikiliza. Wote walijua kwamba bonde linalofaa kupokea maji ni lile lenye mabwawa ya samaki wa mwatiko ya ukoo wa Pan. Wataalamu wa wilaya pia walijua. Hakuna aliyethubutu kulitaja.

Siku ya kikao cha wazi, ukumbi ulijaa. Sui-yin alisimama na mabuti yake.

"Bwana mkuu, uliniambia kila mji hulinda watu wake. Watu wako hawa hapa. Waulize maji yaende wapi."

Mzee mmoja wa Kanwei akainuka. "Yaende kwenye mabwawa yako, mkuu. Tumechoka kulala juu ya meza." Nyuma yake mikono ikainuliwa, safu baada ya safu.

Pan alitazama wilaya, wilaya ikatazama karatasi zake. Hakuwa na pa kutokea. Akakubali kwa sauti ambayo hata mimi wa safu ya mbele niliisikia kwa shida.

Siku ya kuingiza bahari mabwawani tulikwenda kuangalia. Maji yalipita juu ya matuta aliyoyajenga babu yake Pan, yakafika kwenye kibanda cha mlinzi, kikaanguka taratibu. Pan alikuja kusimama karibu yetu.

"Umefurahi sasa?" alimuuliza Sui-yin.

"Nimefurahi."

"Mkweo harudi."

"Najua. Ndiyo maana sikukuombea hata bwawa moja libaki."

Nilitaka kumvuta tuondoke. Alikataa. Alisimama pale mpaka tuta la mwisho likafunikwa, uso wake mkavu, kama mtu anayengoja chakula alichokiagiza.

Kimbunga kilichofuata, maji yalijaa bondeni na pande zote mbili zikalala pakavu. Watu wa Kanwei walimletea Sui-yin kikapu cha mapera, akala kwa raha. Yeye na Pan bado wako kwenye kamati, maana ukuta haujakamilika. Vikaoni Pan humimina chai, naye Sui-yin huiacha ipoe. Akisharudi bandani hutusimulia jinsi Pan alivyozeeka.