Kalume na Mafunjo Yanayohama

Ukitaka kumjua Kalume, mtazame akiwa amekaa. Mguu wake mmoja unatikisika kama wa mtu anayekanyaga cherehani. Kanisani unatikisika, kwenye foleni ya maharage unatikisika, hata akiwa anakula. Mke wake, Orpa, alikuwa akiweka mkono juu ya goti lake. Mguu unatulia kidogo, halafu unaanza ule mwingine.

Mimi nami ni mtu wa kutembea, ndiyo maana tulielewana. Nililelewa nyuma ya ng'ombe huko juu Minembwe, milimani Kongo. Sasa ng'ombe hawapo, ila miguu yangu haijapata habari. Leo niko Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kesho niko mjini Mbarara, nikikuta gari la mkaa linarudi kambini napanda. Yeye alizaliwa chini, Baraka, ukingoni mwa Tanganyika, mtoto wa wavuvi. Alivuka akaenda Kigoma, akakaa kambini, akachoka. Akarudi Baraka, vita vikamfukuza. Akapita Bujumbura, akachoka tena. Mwisho akafika Nakivale na Orpa na watoto, wakapewa shamba upande wa New Congo. Huko kwetu, watu wake na watu wangu walikuwa hawapandi chombo kimoja. Hapa tulikuwa tunaazimana jembe.

Jembe lenyewe alilichukia. Mwaka ule wa 2012 alianza kusema habari za kwenda Malawi. Orpa akamjibu mbele yangu, akiwa anapepeta mahindi, wala hakuinua kichwa:

"Enda. Mimi na batoto tunabaki hapa. Nimebeba sufuria yangu kichwani mara mingi, shingo imekatala."

"Orpa, hapa nitafanya nini? Kulima mawe?"

"Fanya unachotaka. Lakini mimi sihami tena."

Kalume alijua Orpa hasemi kitu mara mbili. Basi alihangaika kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Akawa anashinda mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, akitazama maji ya ziwa la pale Nakivale na kuyacheka. "Haya ni ziwa ama ni bakuli?" alikuwa akiwauliza wavuvi. Musoni, mvuvi mmoja aliyezeeka palepale, alikuwa akimjibu: "Ingia ndani ya bakuli, Mukongomani, tukuone."

Ndipo Rugamba akaja na wazo lake. Huyu Rugamba ni mtu wa Kakiika, kando ya Mbarara, alikuwa askari zamani, na mitumbwi miwili pale mwaloni ni mali yake. Alikuwa ameona watu wa Mbarara wanapenda kutembea siku ya Jumamosi, akasema atawatembeza kwa maji: waone viboko, waone ndege, halafu waingie kwenye mafunjo mpaka pale mto Rwizi unapojigawa vijito vijito na kumwagikia ziwani. Alihitaji mtu anayejua maji na anayejua maneno. Kalume akajitupa mbele.

"Wewe Kalume, sikia," Rugamba akamwambia, kwa Kiswahili chake kile cha jeshi. "Wageni nakuja Jumamosi. Wewe napeleka, wewe narudisha. Hapana ita mtu kusaidia wewe. Kama wanarudi na furaha, mtumbwi hii ni yako ya kazi. Kama nasikia kilio moja tu, wewe narudi kwa jembe. Umeelewa, ssebo?"

"Nimeelewa, afande."

Ile jioni aliniambia: "Papa Ezira, nikipata hii kazi, nabaki. Nikiikosa, niko barabarani." Mguu ulikuwa unatikisika hata amesimama.

Wageni wa kwanza nilimletea mimi. Munezero, mwanamke wa kwetu anayeuza vitenge Nyamityobora, mjini Mbarara, alikuwa na mama yake mzee anayeitwa Kampire. Huyu mama alikuwa amefungiwa ndani ya vyumba viwili na ukuta wa jirani. Kila siku anatoroka kwenda darajani kutazama Rwizi, anarudi na swali lilelile: haya maji yanakwenda wapi? Munezero akaniambia, "Baba Ezira, tafadhali, nimpeleke ayaone, aniache nifanye biashara." Nikapanda nao.

Sasa, Kalume alijua sisi ni watu wa ng'ombe. Wazee wetu samaki hawali, na harufu yake inawageuza tumbo. Kwa hiyo alifanya kazi ya heshima kweli. Aliusugua mtumbwi kwa majivu na sabuni mpaka mbao zikawa nyeupe. Chakula alichotuandalia kilikuwa viazi na mahindi ya kuchemsha. Na lile debe bovu la kuchotea maji, ambalo lilinuka matumbo ya samaki wa miaka mingi, akalitupa mbali nyuma ya kibanda. Kazi nyingine alifanya Ijumaa peke yake: aliingia kwenye mafunjo, akaitafuta njia, akapasua shati lake jekundu na kufunga vitambaa kwenye mashina ili asipotee. Kwao Tanganyika mtu anaweka alama kwenye mti au jiwe, na baba yake akifa mtoto anaikuta pale pale.

Tuliondoka asubuhi. Munezero alivaa viatu vya kisigino, Kalume akamwomba avivue, akakataa. Kampire alikuwa ametia maziwa ya safari kwenye chansi, kile chombo chetu cha mti chenye kifuniko cha kusuka, akakipakata mapajani kama mtoto mchanga. Mimi nilikaa mbele.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Viboko walitoa masikio tu, Kalume akapita nao mbali. Alitwambia majina ya ndege.

"Ule mweusi anayezama, anaitwa nani?" Munezero akauliza.

"Ule? Ni... ule ni padiri wa maji."

"Na yule mrefu?"

"Yule ni shemeji ya padiri."

Kampire akacheka mpaka akashika chansi kwa mikono miwili. Nadhani sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje Uganda. Kalume akapata nguvu, akatia pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwa nguvu zaidi, akatuonyesha kitambaa cha kwanza chekundu. "Munaona? Njia iko na taa," akasema. Tukaingia.

Ndani ya mafunjo dunia inakuwa nyembamba. Huku kijani, huku kijani, juu vichwa vyake vinatikisika, chini maji meusi kama chai iliyolala. Tulifuata kitambaa cha pili, cha tatu. Halafu kitambaa kilichofuata tukakiona mahali pa ajabu, kimetazama nyuma. Kalume akaelekeza mtumbwi huko, tukakuta ukuta. Akarudi nyuma, na pale tulipopita muda mfupi uliopita hapakuwa na mlango.

Usiku wa Ijumaa upepo ulikuwa umevuma. Mafunjo ya pale hayajashika ardhi, yanaelea kwa mizizi yake, kisiwa kizima kinaondoka na ndege wake na mayai yao kinakwenda kukaa kwingine. Vitambaa vya Kalume vilikuwa vimehama pamoja nacho.

"Tumefika?" Munezero akauliza.

"Kidogo tu, dada."

Alisukuma kwa pondo, akaingiza mtumbwi kwa nguvu kati ya mashina. Kitu kigumu chini, sijui kisiki sijui nini, kikakwaruza mbao, na baada ya muda nikahisi miguu yangu inalowa. Nikatazama. Maji yalikuwa yanaingia taratibu, bila kelele.

"Kalume, debe liko wapi?"

Alinitazama, nikamwona anakumbuka. Akavua kofia akaanza kuchota kwa kofia, maji yanamwagikia kwenye viwiko. Munezero akavua vile viatu vyake hatimaye, akachota navyo huku akilia kwa hasira: "Weye mwanaume umetuleta kufa! Mama yangu hajui kuogelea!" Mimi nilichota kwa viganja. Yalikuwa yanaingia mengi kuliko tunavyoyatoa.

Nikasikia mbali sauti ya mtu anayepiga maji kwa kasia, vile wavuvi wanavyofukuzia samaki kwenye nyavu. Nikasema, "Kalume, kuna mtu kule. Ita."

"Bado."

"Ita!"

"Papa, nikiita, Musoni ndio atasikia. Musoni akisikia, Rugamba amesikia. Ngoja, njia iko hapa, naiona." Akachoma pondo kulia, akachoma kushoto. Hakuwa anaona kitu. Macho yake yalikuwa kama ya ndama aliyefungiwa.

Munezero akageuka kwa mama yake. "Mama, lete chansi tuchotee."

Kampire akakumbatia chombo chake. Kwa msomaji asiyejua: chansi haiingii maji ya ovyo. Inafukizwa kwa moshi wa nyasi, inatunzwa, na ukiichotea tope, sisi tunasema ng'ombe aliyeijaza anaharibika matiti. Kampire alikuwa na ng'ombe mmoja tu, amewekwa kwa jamaa Kakiika, na maziwa yale yalitoka kwake.

"Mama, weye umeokoka!" Munezero akapiga kelele. "Hayo ni mambo ya zamani!"

"Mimi nimeokoka," Kampire akajibu. "Ng'ombe hajaokoka."

Kwa hali nyingine tungecheka. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kampire akamtazama Kalume kwa muda, yule mtu wa Baraka aliyekuwa anazunguka na pondo yake kama kipofu sokoni. Halafu akafungua kifuniko. Akanipa mimi kwanza nikanywa, akampa binti yake, akanywa yeye, na mabaki akampa Kalume.

"Kunywa, mwanangu, yasimwagike. Halafu uchote."

Kalume alishika chansi ikiwa na maziwa kidogo chini. Alijua. Huko kwao walikuwa wakitucheka kwa ajili ya vitu hivi hivi, kwa hiyo alijua kabisa anapewa nini. Nilimwona anaitazama. Akanywa. Akafuta mdomo wa chansi kwa ncha ya shati, akaifunika kifuniko chake, akamrudishia mama kwa mikono miwili.

Kisha akasimama juu ya ubao, akaita. Aliita kwa sauti ya watu wa Tanganyika, wale wanaoitana mtumbwi kwa mtumbwi usiku wa dagaa. Ndege wote wakaruka.

"Musoniii! Tunazama! Njoo!"

Musoni alifika akiwa anacheka tangu mbali. Alipasua mafunjo kwa panga, akatupa debe lake, likinuka vile vile, na Kampire mwenyewe ndiye aliyelidaka. Tulipokuwa tunavutwa nyuma kwa kamba, Musoni akaokota kitambaa chekundu kwenye shina.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulifunga alama kwenye mkia wa ng'ombe anayetembea, ukasema utarudi kesho umkute? Bakuli limekumeza, Mukongomani!"

Kalume alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatazama mafunjo yanavyofungana nyuma yetu.

Mwaloni Rugamba alikuwa amesimama mikono nyuma. Hakuhitaji kuuliza, nguo zetu zilikuwa zinachuruzika maji. Munezero akamwambia yote, na sikuweza kumlaumu, maana kila neno lilikuwa kweli. Rugamba akamgeukia Kampire.

"Na wewe, mama? Nasema nini?"

"Nasema mto sijauona," Kampire akajibu. "Aliita mtu kabla hatujafika. Nitarudi nimalizie."

"Mama, kule kuita ndio naharibu kazi yake."

"Basi tafuta asiyeita, mpande naye wewe na mama yako."

Wavuvi wakacheka, Rugamba akakosa pa kuweka macho. Lakini alikuwa mtu wa neno lake. Mtumbwi hakumpa. Akamwambia Kalume: akitaka, atakuwa msukuma pondo wa Musoni, atakaa nyuma, atafunga mdomo, mpaka Musoni aseme huyu sasa anajua. Akikataa, njia ya jembe anaijua.

Mtu wa Tanganyika kuwa chini ya Musoni! Tulirudi New Congo. Karibu na nyumba akasema, "Papa, kesho asubuhi napanda gari la Mutukula, mpakani." Mimi sikumzuia. Nani mimi wa kumzuia mtu kuondoka?

Orpa alikuwa amekwisha kusikia, habari kambini ina miguu kuliko sisi. Hakumlaumu. Alimwekea ugali, akakaa mbele yake, akauliza neno moja tu:

"Sasa hayo majani, yanatembea namna gani?"

Kalume akaanza kumweleza kwa kinywa kilichojaa. Akaacha ugali. Akachukua sahani, kikombe, gunzi la hindi, akavipanga chini: hapa upepo, hapa mto unasukuma, hapa kisiwa kinazunguka, hapa mlango unafunguka. Akavibomoa akavipanga upya, maana hakuwa anaelewa, na kutoelewa kule kulimchoma. "Lakini Musoni anajua," akasema. "Yule mzee mubaya anajua. Alikuja moja kwa moja." Mpaka ninaaga alikuwa bado yuko chini, anasogeza kikombe.

Asubuhi nilipopita mwaloni kutafuta gari la Mbarara, nilimwona nyuma ya mtumbwi wa Musoni, amesimama na pondo. Musoni anamtukana, yeye anajibu "ndiyo, mzee" na macho yako kwenye mafunjo.

Niliporudi kambini wiki iliyofuata, Orpa alikuwa anatoka kwa jirani Mnyankole na machipukizi ya migomba kichwani. Kalume alikuwa anachimba mashimo nyuma ya nyumba, jasho linamtoka.

"Mashimo umeyabananisha sana," Orpa akamwambia. "Machipukizi yakikua yatapigana."

"Lini yatakua?"

"Mwaka kesho, labda na zaidi."

Kalume akaegemea jembe, akatazama lile shimo, akatazama barabara. Halafu akasogea hatua chache, akaanza kuchimba lingine.