Namba Mia Sita Arobaini

Wiki iliyopita mwanangu alitoka chumbani na simu mkononi, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha chakula kisicho na chumvi. Kwa miezi mitatu alikuwa ametusumbua na mchezo wa video uliokuwa unakuja. Alijua picha zake zote za matangazo, alijua majina ya wapiganaji wake, aliniomba megabaiti mpaka nikachoka na neno lenyewe. Sasa mchezo umefika, na ameucheza kwa saa moja.

"Maman, iko bure kabisa," akasema. "Vile vitu walituonyesha, haviko ndani."

Wewe unayenijua ungetegemea nimcheke, maana mimi huwa mwepesi wa kucheka. Siku hiyo sikuweza. Nilimkalisha kando yangu nikamsimulia kasete ya Papa, habari ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata baba yake.

Tulikuwa wanne nyumbani: Papa, Mama, mimi na mdogo wangu wa kiume. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, na mvua ikinyesha juu ya bati hatukusikilizana mpaka ipite. Papa alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata mezani hakuacha kazi yake. Mama akishakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, Papa aliwahesabu kwanza bakulini, akataja idadi, na kabla hajaanza kuwagawa katika sahani nne akauliza, "Reste?" Aliyewahi kusema wangapi watabaki ndiye aliyewala. Sambaza arobaini na saba, sahani nne: wanabaki watatu. Nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyenishinda kugawanya kwa nne, kwa sababu nilikuwa mlafi. Harufu ya mafuta yale na bugali ya moto ningali naisikia nikipita sokoni.

Kisha Papa akaacha ubao na chaki, akaenda Luhwindja kuchimba dhahabu, kama walimu wengi wa wakati ule. Mezani tukabaki watatu, na Mama hakuhesabu samaki. Karibu mwaka ulipita. Siku moja Papa alipiga simu kwa jirani yetu, mama mmoja muuza sambaza aliyekuwa na simu pekee kwenye avenue yetu, akasema atarudi kwa bonane, sikukuu ya mwaka mpya, na atatuletea mashine ya michezo pamoja na kasete yake. Ndani ya kasete, alisema, kuna michezo neuf cent nonante-neuf. Mia tisa tisini na tisa! Mama jirani aliirudia namba hiyo kwa sauti hadi watoto wa nyumba za chini wakaisikia.

Hapo ndipo wazimu ulipoanza. Tuligawana ile michezo kabla haijafika. Kila mtoto wa avenue alichagua namba yake, na mchezo wa namba hiyo ukawa wake, hakuna wa kuucheza bila ruhusa yake. Tulipokwenda kuchota maji tulisimuliana namba zetu zina nini ndani. Mdogo wangu alichukua ya mwisho kabisa, akiamini vitu vizuri huwekwa mwisho. Mama jirani naye alidai namba ya kwanza, akisema yeye hana umri wa kungoja. Mimi nilichagua mia sita arobaini. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nimeamua kwamba ndani yake kuna msichana anayeendesha mtumbwi wa injini kutoka kisiwa cha Idjwi, na mchezo ni kukwepa mawimbi mpaka afike Bukavu. Nililala na mchezo huo kichwani wiki nyingi.

Papa alifika siku mbili kabla ya bonane, amekonda, matope mekundu kwenye mikunjo ya shingo. Mashine ilikuwa imefungwa ndani ya shati lake la ualimu. Mchana umeme ulipokuja, sebule ilijaa watoto mpaka mlangoni. Kwenye tele ikatokea orodha ndefu ya majina ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, kila jina na namba yake. Namba moja ilikuwa tanki. Mbili, pikipiki. Tatu, mpira. Nne, ndege. Tulipiga makofi kwa kila mmoja. Tano ilikuwa tanki. Tulidhani tumekosea kubonyeza. Sita, pikipiki. Majina kwenye orodha yalikuwa mapya, pengine rangi zilibadilika kidogo au kitu kilikwenda kasi zaidi, lakini kilikuwa kile kile. Tulipofika kumi na mbili, watoto walianza kuondoka mmoja mmoja, na mwenzangu mmoja alicheka akitoka.

Niliona aibu. Nikamgeukia Papa mbele ya Mama na mama jirani.

"Papa, ulitudanganya. Michezo iko ine tu, zingine zote ni zile zile. Papa uko muongo."

Kwetu mtoto hasemi hivyo. Mama aliinuka anichape, lakini Papa akamzuia kwa mkono. Kisha akaomba daftari na kalamu, akaandika kitu, akaniambia, "Kuya hapa. Weye utasoma namba, mimi nitafungua. Tutatafuta ile yako."

Likizo yake ilikuwa wiki moja. Watu walikuja kumsalimu wakamkuta chini kwenye mkeka na manete ya kuchezea mkononi. Kila ulipotaka mchezo mwingine ulibonyeza kitufe cha kuanza upya, na orodha ikarudi mwanzo kabisa, ukashuka tena namba moja moja. Kufika mia tatu ilikuwa kubonyeza mara mia tatu. Umeme ukikatika tulingoja, tukila karanga za Mama. Mimi nilikuwa nimenuna. Nilitamka namba na mchezo uliotokea tu, naye akaandika daftarini: tanki, pikipiki, mpira, ndege. Kidole gumba chake kilivimba. Alikifunga kitambaa akaendelea.

Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake. "Tumefika quatre cent douze," akaniambia, yaani mia nne kumi na mbili. "Six cent quarante yako haiko mbali sana."

Nilimpa mkono tu, tena nikiangalia pembeni.

Mama alifungia mashine kabatini mpaka Papa arudi, lakini siku moja mdogo wangu aliiiba akaiwasha, umeme ukaja kwa nguvu, ukaunguza mashine na tele pamoja. Papa alirudi baada ya miaka miwili na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Alirudia chaki yake, akatusomesha, akaniozesha. Ile habari hatukuigusa kamwe. Neno lile nililomwita lilinikaa moyoni kama mwiba, na nilijua lazima lilimkaa na yeye. Kila mwaka nilisema nitamwomba msamaha, na kila mwaka niliona haya. Tulimzika msimu huu wa mvua.

"Na six cent quarante yako ilikuwa nini?" mwanangu akauliza nilipomaliza. Nikamwambia sijui.

Jumapili baada ya misa nilikwenda Panzi kwa Mama. Anaishi huko tangu udongo wa Kadutu ulipoteremka na nyumba yetu. Mkeka ule, ile sebule, mama jirani na simu yake, hata avenue yenyewe, leo huwezi kumwonyesha mtoto kwa kidole. Mama aliposikia ninatafuta lile daftari alifungua malle, sanduku la zamani la Papa, akatoa daftari lenye jalada lililoliwa na mende. "Hakukubali nilitupe," akasema.

Namba zote zimo, mpaka mia nne kumi na mbili. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya namba kumi na mbili, kuna mstari umepigwa kwa rula, na chini ya mstari hesabu mbili kwa mwandiko wake wa ubaoni:

999 : 4 = 249, reste 3. Mpira.
640 : 4 = 160, reste 0. Ndege.

Halafu orodha inaendelea. Kumi na tatu, tanki. Kumi na nne, pikipiki.

Niliketi kwenye kitanda cha Mama nikalia, naye akaniacha nilie. Papa alikuwa anajua tangu mchana ule wa kwanza. Na mimi, niliyekuwa nikishinda sambaza wote wa reste kwa kugawanya kwa nne, nilikaa kando yake siku zote zile na sikugawanya. Pengine hata mimi sikutaka.

Jioni nilimwambia mwanangu kwamba ilikuwa ndege.

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Basi babu alikudanganya kweli."

"Ndiyo," nikamwambia. "Wiki nzima."